Kompyuta bila diski si maiti, wacheni kuzitupa

Wasee, leo niko na maoni na sitaki tushikane mashati. Zile kompyuta zimerundikwa nyuma ya maabara shuleni kwenu, zimefunikwa gunia na kuandikwa "mbovu", nyingi hazijakufa. Kilichokufa ni diski. Na kompyuta inaweza kufanya kazi bila diski kabisa.

Najua kuna mtu ashaanza kucheka. Si diski ndiyo hubeba Windows? Sasa itawaka na nini? Itawaka na waya wa neti.

Iko hivi. Ukibonyeza pawa, kuna programu ndogo ndani ya bodi ambayo huamka kwanza na kuuliza: tunaanzia wapi? Diski, flashi, ama neti? Hiyo njia ya neti inaitwa PXE. Intel walitoa toleo la 2.1 la maelezo yake mwaka wa 1999, kwa hivyo si teknolojia ya juzi. Kompyuta nyingi za ofisi zilizoletwa shuleni kama msaada ziko nayo. Ni vile tu hakuna mtu huingia kwa BIOS kuiwasha.

Ukiiwasha, kompyuta inapiga nduru kwa neti nzima: jamani, mimi nani na niende wapi? DHCP inajibu. Inaipa anwani ya IP, inaionyesha seva iko wapi na jina la faili ya kuanzia. Kompyuta inaenda kuchukua hiyo faili kwa TFTP, njia nyepesi sana ya kuhamisha faili, hadi haina paswadi. Kisha kerneli ya Linux inaingia kwenye RAM, inashikana na mfumo mzima ulio kwenye seva, na mwanafunzi anaona skrini ya kuingia kama kawaida. Kazi yake inahifadhiwa kwa seva. Kesho akikaa mashine ingine, anakuta kila kitu.

Na si lazima uandike hii yote kutoka sufuri. Kuna mradi wa bure unaitwa LTSP, ulioanzishwa mwaka wa 1999 na Jim McQuillan, na kazi yake ni hii hii. Intaneti unahitaji wakati wa kuuweka na kuusasisha. Siku za kawaida, maabara inaendelea hata bando ikiisha.

Sasa maoni yangu yenyewe. Mimi naona shida kubwa ya maabara zetu si idadi ya kompyuta. Ni kwamba mwalimu ni mmoja, kompyuta ni 30, na kila moja ni mgonjwa wa peke yake. Hii iko na virusi kutoka kwa flashi ya mtu, ile imebadilishwa paswadi, hiyo ingine Windows imekwama kwa asilimia 34 tangu muhula uliopita. Huyo mwalimu pia anafundisha hesabu. Atatengeneza ngapi? Anachoka, anafunga mlango, na somo linahamia ubaoni. Watoto wanachora kibodi kwa daftari, na KCSE ya Computer Studies iko na karatasi ya vitendo. Utajibu vitendo na mchoro?

Ukibuti kwa neti, mgonjwa anabaki mmoja. Unatengeneza mfumo mmoja kwenye seva, zote 30 zinaupata. Na mfumo huo kompyuta haziwezi kuuandika juu. Mwanafunzi akiharibu kitu kwenye mipangilio ya mashine, unazima, unawasha, iko sawa. Hapo ndipo mwalimu mmoja anaweza kulinda maabara nzima na bado afundishe hesabu yake.

Lakini sitawadanganya, kuna mitego.

Kwanza, sahau Wi-Fi. PXE inataka waya. Na usinunue swichi ya bei ya kutupa. Tuseme kompyuta 20 zinawaka pamoja na kila moja inavuta MB 250. Hizo ni MB 5,000. Kwa laini ya Mbps 100 kutoka kwa seva, hiyo ni karibu dakika 7 za kungoja. Kwa gigabiti, kama sekunde 40. Kipindi chenyewe ni dakika 40, fanya hesabu.

Pili, neti moja haitaki watoa anwani wawili. Rauta ya shule tayari inatoa. Ukiwasha DHCP yako juu yake, mhasibu anapoteza intaneti na wewe unaitwa ofisini. Tumia dnsmasq kama proksi: rauta inaendelea kugawa anwani, dnsmasq inaongeza tu maelezo ya kubuti. Ama tenga neti ya maabara peke yake, na kwa sababu ya hiyo TFTP bila paswadi, ningechagua hii.

Tatu, seva ikilala, wote wamelala. Ni kweli. Ndiyo maana pesa unayookoa kwa diski 30 unaweka kwa seva moja: diski mbili zinazobeba kitu kimoja, UPS ya kuipa muda izime vizuri stima ikipotea, na nakala ya kazi za wanafunzi mahali pengine.

Nne, kwa LTSP ya siku hizi, programu zinafanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe, si kwa seva. Kama RAM ni GB 1, brauza itakutesa. Zingine kweli zimezeeka, hizo pelekeni kwa wanaochakata taka za elektroniki. Na kama mwalimu anafundisha kwa Access na Publisher, acheni mashine chache nzima na Windows. Hakuna vita hapa.

Kwa nini nasema sasa? Kwa sababu Microsoft iliacha msaada wa kawaida wa bure wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Maofisi yanatoa kompyuta ambazo kwa Linux bado ziko na miaka ya kazi. Zitaishia wapi, maabara ama jaa la taka?

Na ninyi mliomaliza shule, mnaopanga kurudi na kompyuta tano mpya, kukata utepe na kupiga picha: asanteni, lakini ulizeni kwanza zile 30 za nyuma ziko aje. Swichi ya gigabiti haipendezi kwa picha. Jumamosi mbili za mtu anayejua Linux, akimfundisha mwalimu na wanafunzi wawili, pia hazipendezi. Lakini kompyuta tano bila mtu wa kuzitunza zitaingia chini ya gunia kama zingine.

Kama uko na mtu wa IT kwa kikundi chenu cha WhatsApp, mtume hapa. Kama unaona nimekosea, tuonane kwa maoni. Lakini kuja na sababu, si "Linux ni ngumu".