MATE, KIKOMBE NA KAZI



Kuna mambo mawili yanayowasumbua wafanyakazi wengi, na yote mawili yahusu mate. La kwanza, mtu hutengewa kikombe chake peke yake kwa kuwa wenzake wamesikia ana virusi vya Ukimwi. La pili, tajiri hutaka watu wapimwe kabla ya kuandikwa kazi.

Tuanze na kikombe. Katika mate, sehemu 99 kwa 100 ni maji. Sehemu ndogo iliyobaki ina chumvi na protini za kulinda kinywa: nyingine hupasua vijidudu, nyingine huvinyima madini ya chuma. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walieleza protini moja ya mate ambayo, katika maabara, ilizuia virusi vya Ukimwi visiambukize chembe za damu. Kikombe hakiambukizi Ukimwi, wala sahani, wala kijiko. Hata kifua kikuu hakipiti katika kikombe; hupita katika hewa mgonjwa anapokohoa. Basi tudai madirisha yafunguliwe, tuache kuwaonea wenzetu.

Sasa kupimwa. Kipimo cha mate hakitafuti virusi, chatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukishaingiliwa. Tangu mwaka 2017 Serikali ya Kenya imeruhusu mtu ajipime mwenyewe. Hupitisha kijiti juu ya ufizi, hukitia katika kichupa cha dawa, na baada ya dakika 20 husoma. Mstari mmoja, kingamwili hazikuonekana. Miwili, aende hospitali akapimwe damu, maana mate peke yake hayakati shauri. Aliyeambukizwa karibuni arudie baada ya miezi 3. Anayetumia dawa za ARV asikitumie, kwani chaweza kumdanganya.

Kujua kuna faida. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika Wakenya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 64, karibu 5 walikuwa na virusi. Katika kila 5 wenye virusi, kama mmoja hakujua. Asiyejua hapati dawa. Anayejua na kumeza dawa kila siku hufanya kazi miaka mingi, na virusi vikipungua hata visionekane katika damu, hamwambukizi mwenzi wake.

Kwa hiyo twawahimiza: jipimeni. Lakini kijiti ni cha mfanyakazi, si cha ofisi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 yakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi au aendelee nayo. Yakataza pia kumfukuza au kumnyima cheo kwa sababu ya virusi peke yake, na ilianzisha baraza maalum la kusikiliza malalamiko hayo. Ukiletewa kijiti pamoja na karatasi ya kazi, usitie sahihi. Mwite mjumbe wa chama kwanza.

Twaomba kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao. Tajiri asitupime kwa nguvu, nasi tusitengane kwa vikombe. Chama ambacho wanachama wake waogopana hakiwezi kudai haki ya mtu yeyote.

Umoja ni nguvu.