Mradi ni Chuo Kikuu? Hapana

Hapa mtaani Jericho, Nairobi, tuna imani moja ambayo hakuna anayethubutu kuigusa: mtoto aliyeitwa chuo kikuu amefaulu, asiyeitwa amefeli, na kozi yenyewe si neno, mradi ni chuo kikuu. Wazazi huisema dukani. Wahubiri huisema madhabahuni. Shule huipigia tarumbeta kwa kuhesabu waliopata C+ na kuwanyamazia wengine wote. Nasema imani hii ni ya uongo, imetugharimu pesa na watoto, na tumechelewa mno kuitupa.

Katika KCSE ya 2024 walifanya mtihani watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, gredi inayofungua mlango wa digrii, walikuwa 246,391. Hiyo ni robo tu. Anayeshikilia imani hii amewaambia vijana watatu kati ya kila wanne, wengi wao wakiwa na miaka 18, kwamba wameanza maisha kwa kushindwa. Taifa gani hujengwa na watu walioambiwa hivyo?

Na tunaisema kwa pesa zetu pia. Aliyeitwa chuo kikuu huchapishiwa kadi za harambee, MCA akaalikwa, majirani wakatoa walichonacho. Aliyeitwa chuo cha ufundi huondoka asubuhi na begi lake, mama akiwa amekopa kwenye chama chake kimya kimya. Katika harambee hizo mimi husikia jina la chuo likitajwa mara nyingi kwenye kipaza sauti. Jina la kozi husikia mara moja, au nisilisikie kabisa.

Imani yenyewe ilikuwa na msingi wake zamani. Nyumba zetu zilijengwa na Baraza la Jiji miaka ya mwanzo ya 1960, na waliozipanga walikuwa makarani, watu wa reli, vibarua wa Industrial Area. Ofisi za serikali zilikuwa zikiachwa na Wazungu, na Mwafrika mwenye digrii alikuwa akisubiriwa na kiti, mshahara na nyumba upande mwingine wa mji. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970 kilikuwa peke yake nchini, hadi kilipokuja Moi mwaka 1984. Karani wa Jericho aliyemwambia mwanawe asome afike huko alisema kweli tupu.

Lakini hesabu ilibadilika, sisi hatukubadilika. Hadi mwaka 2012 vyuo vikuu kamili vya umma vilikuwa 7. Kufikia 2013 vilikuwa 22. Tena tangu mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua masomo sambamba, aliyekosa nafasi ya serikali lakini akawa na karo aliweza kuingia. Sikatai kwamba maelfu walinufaika. Ninalosema ni kwamba cheti kilichokuwa adimu kimekuwa cha kawaida, na mwajiri hashtuki tena akikiona. Vijana wenye digrii wanapiga lami mjini hadi soli zinaisha, kisha sisi tunawalaumu kwa uvivu.

Imani hii iliharibu hata vyuo vyenyewe. Kenya Polytechnic ilifunguliwa mwaka 1961 pale Haile Selassie Avenue. Mtoto wa Jericho alipanda gari Jogoo Road, akapita City Stadium na Muthurwa, akashuka kusomea umeme au ujenzi, jioni akarudi kula kwao. Mwaka 2007 ilifanywa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikawa Technical University of Kenya. Polytechnic ya Mombasa ilifuata njia iyo hiyo. Diploma hazikufutwa, ila heshima ilihamia kwenye digrii. Wanasiasa walifanya hivyo kwa sababu walisikia tunachokitaka, na wakatupa tulichokitaka.

Wapo watakaonijibu kwa kumtaja Tom Mboya, kwamba hata yeye alisoma Oxford. Mboya alisomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School kule Kabete, akaajiriwa na Baraza la Jiji kukagua usafi. Huko Oxford alikaa mwaka mmoja, 1955 hadi 1956, katika Ruskin, chuo cha wafanyakazi kilichokuwa nje ya Chuo Kikuu cha Oxford, na hakutoka na digrii. Mwaka 1957 watu wa Nairobi walimchagua kwenda Baraza la Kutunga Sheria. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa vyama vya wafanyakazi alioupata kwa kufanya kazi ndani yake, na mwaka wa Ruskin aliutumia kuunoa.

Tazameni pia wanafunzi aliowatafutia nafasi Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81, na wengi wa waliosafiri miaka ile waliingia vyuo vidogo ambavyo hakuna mtu Nairobi aliyewahi kuvisikia. Wangari Maathai alikwenda mwaka 1960, akaingia Mount St. Scholastica, chuo cha watawa katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Leo ukitaja jina hilo kwenye harambee hakuna atakayepiga makofi. Alisoma biolojia, akamaliza mwaka 1964, akaendelea Pittsburgh, na mwaka 1971 akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Nobeli ya Amani ikaja 2004. Atchison haikumpa jina. Ilimpa walimu waliomfundisha na maabara ya kufanyia kazi, naye hakupoteza saa zake.

Basi swali la kwanza liwe: kozi hii inatambuliwa na nani? Hapa ndipo watoto wengi wa maskini huumia, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Bodi ya Wahandisi imewahi kukataa digrii za uhandisi za baadhi ya vyuo vikuu vya umma, wanafunzi wakiwa tayari wamelipa na kusoma. Wahitimu wa sheria wamekwenda mahakamani miaka nenda miaka rudi kupigania kuingia Shule ya Sheria ya Kenya, wakibishania gredi za Kiingereza na Kiswahili walizopata katika KCSE. Fikiria miaka minne ya karo, kisha unarudishwa kwenye karatasi ya kidato cha nne! Aliyefuata jina la chuo hakuliona shimo hilo. Aliyeuliza bodi ya taaluma yake kabla ya kujaza fomu aliliona.

Najua pia wimbo mpya wa majukwaani, kwamba kila kijana akawe fundi bomba na digrii ni kupoteza wakati. Siukubali. Wanaouimba huwapeleka watoto wao vyuo vikuu. Tunataka madaktari, walimu na wahandisi kutoka Jericho, na mtoto mwenye A anayependa hesabu asisukumwe kwenye uchomeleaji kwa sababu tu anaishi nyumba ya kaunti. Tena chuo cha ufundi chenye karakana isiyo na mashine, ambapo wanafunzi hunakili michoro ubaoni mwaka mzima, ni wizi uleule uliovaa ovaroli. TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ipo kwa kazi ya kusajili vyuo hivyo. Mzazi atafute jina la chuo katika orodha yake kabla ya kulipa shilingi moja, hasa kama chuo chenyewe ni vyumba viwili ghorofani katikati ya mji.

Aliyepata C- anaweza kuingia diploma, mwenye D aanze na cheti, na kozi ya chini kabisa ya ufundi humpokea hata mwenye E. Kutoka hapo anaweza kupanda ngazi kwa ngazi hadi digrii. Fundi aliyejifunza gereji bila kukanyaga darasa anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na ofisi zao ziko Industrial Area, ng'ambo ya reli tu. Ni vijana wangapi wa Jericho wanaoshika spana kila siku wasio na karatasi hiyo, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaambia ipo?

Kuingia chuoni, chochote kile, ni mwanzo tu. Nimeona wanaokwenda kampasi wakakaa miaka minne bila kumjua mhadhiri hata mmoja kwa sura, wakaishi kwa nakala za kudurusu na mitihani ya miaka iliyopita. Atachimenti wanaitafuta wiki ya mwisho, kisha wanatumwa chai. Wewe uliyejipatia nafasi mwaka huu, anza kubisha milango ya viwanda na ofisi mwaka wa kwanza, si wa tatu. Mfuate mwalimu anayejua kazi, umuulize anachofanya nje ya darasa. Na kama nyumbani hakuna pa kusomea kwa sababu mnalala watano chumba kimoja, maktaba ya Makadara na ya Kaloleni, matawi ya McMillan, ziko hapa hapa kwetu na viti vyake vinakusubiri.

Wazazi wenzangu, KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, hufungua tovuti yake kila mwaka na kuonyesha pointi za klasta zilizohitajika katika kila kozi mwaka uliotangulia. Msimwache mtoto ajaze peke yake saiba, rafiki zake wakimchagulia jina linalopendeza. Kaeni naye jioni moja. Kisha chukueni siku moja mwende naye mpaka chuoni, Kabete, Ngara au kwingineko, mwombe kuingia karakana au maabara, muulize mashine ipi inafanya kazi leo, bodi gani inaitambua kozi hiyo, na wanafunzi waliomaliza mwaka jana wako wapi sasa. Chuo kisichoweza kuyajibu maswali hayo kisipewe karo yenu, hata kama jina lake linajulikana hadi ng'ambo.