Ujira wa Wakili Katika Madai ya Chanjo

Mama yeyote aliyewahi kupanga foleni ya kliniki huku mtoto yu mgongoni anajua kwamba chanjo ni ngao. Kifaduro, pepopunda, surua na ugonjwa wa kupooza viliwahi kujaza makaburi ya watoto, na ni chanjo iliyovirudisha nyuma. Walakini hakuna dawa isiyoweza kumdhuru hata mtu mmoja. Nchini Marekani, hesabu ya serikali yaonyesha kwamba kwa kila dozi 1,000,000 zinazosambazwa, mtu 1 hivi hulipwa fidia kwa madhara. Kwa taifa zima idadi hiyo ni ndogo mno. Kwa mzazi ambaye huyo mmoja ni mwanawe, ni msiba wa nyumba nzima. Basi mzazi huyo akienda kudai, anakabiliwa na swali linalowakabili wanyonge wote mbele ya sheria: wakili atalipwa na nani?

Ili kulielewa jibu, yafaa kurudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi wa Marekani waliwashitaki watengenezaji wa chanjo, hasa ile ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Kesi zilichukua miaka, gharama zikapanda, na baadhi ya viwanda vikaacha kabisa kazi hiyo, hata ikahofiwa kwamba chanjo zingeadimika. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuanzisha mpango wa fidia, nao ukaanza kazi tarehe 1 Oktoba 1988.

Chini ya mpango huo, mdai halazimiki kuthibitisha kwamba kiwanda kilifanya uzembe. Linalotakiwa ni kuonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyoleta madhara. Mdaiwa si kiwanda bali ni Waziri wa Afya, na shauri husikilizwa na waamuzi maalumu wa mahakama ya madai ya serikali kuu iliyoko Washington. Fedha hutoka katika mfuko unaojazwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi moja. Chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela, kwa kuwa inakinga magonjwa matatu, hulipiwa dola 2 na senti 25. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa lije suala la wakili. Desturi ya mahakama za Marekani ni kwamba kila upande hujilipia wakili wake, hata ukishinda. Asiye na fedha aghalabu hukubaliana na wakili kwamba akishinda atamkatia sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi moja. Kwa mtoto atakayehitaji kuuguzwa maisha yake yote, theluthi hiyo si jambo dogo: ndiyo kiti cha magurudumu, ndiyo mshahara wa muuguzi.

Sheria ya 1986 iliikataa desturi hiyo. Ilisema kwamba mdai akishinda, ujira wa wakili na gharama za kesi hulipwa na mfuko, mbali na fidia yenyewe. Tena wakili amekatazwa kumtoza mteja wake malipo mengine yoyote kwa kazi hiyo. Fidia ya mtoto hubaki ya mtoto.

Lakini ajabu kubwa zaidi ni kwamba hata mdai aliyeshindwa aweza kulipiwa wakili wake. Hapo mwamuzi halazimiki, ila ana hiari, na sharti mambo mawili yaonekane kwanza: kwamba dai lilifunguliwa kwa nia njema, na kwamba lilikuwa na msingi wa kutosha. Yamkini msomaji atauliza, kwa nini fedha za umma zimlipe aliyeshindwa? Sababu ni kwamba sayansi ya madhara ya chanjo ni ngumu, na kabla ya kesi kusikilizwa ni vigumu kujua ukweli uko wapi. Kama mawakili wangelipwa kwa ushindi tu, wangechagua kesi nyepesi, na mzazi mwenye kesi ngumu angesimama peke yake mbele ya mawakili wa serikali.

Jambo hilo lilifika katika mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Daktari mmoja mwanamke aliugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu baada ya kuchanjwa chanjo ya homa ya ini. Alifungua dai mwaka 2005, wakati sheria yataka dai lifunguliwe katika muda wa miaka 3 tangu dalili ya kwanza, na dalili zake zilikuwa zimeanza miaka mingi nyuma. Dai likatupwa kwa kuchelewa. Serikali ikasema kwamba dai lililochelewa si dai, hivyo wakili asilipwe. Mwaka 2013 majaji wote waliikataa hoja hiyo: hata dai lililochelewa laweza kulipiwa ujira, mradi lilikuwa na nia njema na msingi wa kutosha.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mfuko ungeachwa wazi, kila mwenye karatasi na kalamu angeuchotea. Kwa hiyo sheria inasema ujira uwe wa kadiri, na mwamuzi huukagua kama karani wa malipo anavyokagua hati ya posho ya safari ya askari. Hutazama saa zilizotumika, kisha huzizidisha kwa kiwango cha saa moja kinachofaa.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Wakili analeta hati ya saa 60 kwa dola 300 kila saa, yaani dola 18,000. Mwamuzi anaona saa 6 zilikuwa za kupanga majalada, kazi ya karani, anazifuta. Saa 10 zilikuwa za safarini bila kazi nyingine. Anazilipa nusu, dola 1,500. Saa 44 zilizobaki anazilipa kamili, dola 13,200. Jumla inakuwa dola 14,700.

Kiwango nacho kina mizani yake. Kwa kawaida hutumika kile cha Washington, ambako mawakili ni ghali. Lakini mwaka 2008 mahakama ya rufani iliamua kwamba wakili aliyefanya karibu kazi yake yote mjini Cheyenne, katika jimbo la Wyoming, alipwe kwa kiwango cha Cheyenne, kwa kuwa kilikuwa chini mno kuliko cha Washington.

Msingi wa kutosha nao si maneno matupu. Mwaka 2017 mahakama hiyo ya rufani ilisema kwamba kukaribia kwa siku ya mwisho peke yake hakulipi dai msingi. Sharti pawe na ushahidi. Mwaka 2020 ikaongeza kwamba ushahidi huo waweza kuwa pungufu kuliko ule unaotakiwa ili kushinda, ila usiwe chembe tu.

Tofauti huonekana pale msaada huo unapokosekana. Madai ya chanjo za Uviko-19 yalielekezwa mwaka 2020 kwenye mpango mwingine wa serikali kuu, ambao haulipi ujira wa wakili, na muda wake wa kudai ni mwaka 1 tu tangu siku ya chanjo. Anayetaka wakili huko hujilipia mwenyewe.

Kwa nyumba yoyote, ya kambini au ya uraiani, lipo funzo katika habari hizi. Katika madai hayo yote, kilichompa wakili msingi wa kusimama kilikuwa karatasi: tarehe ya chanjo, tarehe ya dalili ya kwanza, na maandishi ya mganga. Kadi ya kliniki ya mtoto na itunzwe pamoja na hati nyingine za nyumbani, na dalili ngeni ipelekwe kwa mganga iandikwe siku ile ile. Mtoto achanjwe, na kadi yake isipotee.