Kompyuta sita za klabu: mimi nasema nne ziwe za majaribio

Najua bumu limeshaisha kwa wengi, ila leo siongelei bumu. Naongelea zile kompyuta sita za mtumba ambazo klabu yetu ya kompyuta imepewa. Vikao viwili vimepita tunavutana tu, na zenyewe zimelundikwa stoo zinakula vumbi. Wengi wanataka zote sita ziwe za kuchapia asaimenti. Mimi nasema mbili zichape, nne tuziunganishe ziwe klasta ya kujaribia programu huria ya kuhifadhi data. Naeleza kwa nini, halafu mnipinge.

Kuna programu inaitwa Ceph. Ilianza kama utafiti wa uzamivu wa Sage Weil pale Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na makala yake maarufu ilitoka mwaka 2006. Kazi yake ni kuchukua diski za kompyuta nyingi na kuzifanya ghala moja. Ukihifadhi faili, kwa mpangilio wa kawaida zinawekwa nakala 3 kwenye mashine tofauti. Mashine moja ikifa, nyingine mbili zinaendelea na kazi kama hakuna msiba. CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, wanaitumia. Na ni huria: unaichukua, unaitumia, unasoma msimbo wake, hudaiwi senti.

Sasa swali langu. Programu ikiahidi kwamba mashine ikifa data haipotei, wewe utajuaje ni kweli? Kwa kusoma tangazo? Hapana, kwa kuua mashine.

Na ndivyo wenyewe wanavyofanya. Jina Ceph limetokana na ukoo wa pweza na ngisi, basi maabara yao ya majaribio wakaiita Sepia, ambalo ni jina la kisayansi la aina ya ngisi. Mfumo unaoendesha majaribio wakauita Teuthology, elimu ya pweza na ngisi. (Sisi wa Dar elimu hiyo tunaipata jioni kwenye bakuli la supu.) Majaribio yanapanga foleni, mashine zikipatikana zinafungwa ili mwingine asiziguse, toleo jipya linasakinishwa, kazi ya kuandika na kusoma data inaanza. Halafu katikati ya kazi mfumo unaanza fujo: unaua sehemu zinazotunza data, moja baada ya nyingine, bila ratiba. Mwisho unakagua kama data bado ni ile ile. Matokeo ni matatu: umefaulu, umefeli, au umekufa, yaani jaribio lenyewe halikufika mwisho. Sisi tungesema "inkompliti". Hakuna mtu anayekaa kubonyeza kitu usiku kucha, asubuhi unakuta majibu.

Hapa ndipo mimi kama mwalimu mtarajiwa nilipoguswa. Sisi tunasoma kozi nzima ya upimaji, tunaambiwa kuna upimaji wa kuchuja watu na upimaji wa kusaidia kujifunza, halafu maisha yetu yote tangu darasa la saba tumeishi ule wa kwanza. Pepa inakuja, unapata sapu au unapeta, na wengine disko. Nani alishawahi kurudishiwa karatasi ya UE aone alikosea wapi? Kwenye majaribio ya programu, kufeli ni habari njema, maana kosa limeonekana kabla halijamfikia mtumiaji. Tena kosa likirekebishwa, desturi nzuri ni kuongeza jaribio lake, ili likirudi tena lidakwe. Ningependa wanafunzi wangu wa kidato cha pili wauone mtihani hivyo. Na sidhani kama nitaweza kuwafundisha kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukiona kikifanya kazi.

Turudi kwenye kompyuta zetu. Kwa nini nne? Kwa sababu nakala 3 zinataka mashine 3, na ya nne inakuwa msimamizi. Zetu zina RAM ya GB 8 kila moja. Ceph kwa kawaida inatenga kama GB 4 kwa kila diski inayoitunza, kwa hiyo mashine moja diski moja, tunapumua. Tunachohitaji kununua ni diski ya pili kwa zile tatu na swichi ya mtandao. Teuthology yenyewe ni mzigo kwetu, tusijidanganye. Tuanze na skripti fupi kwenye ile ya nne: kila usiku iandike faili 1,000, ihifadhi alama ya hesabu ya kila faili, izime mashine moja, isome tena zote, ilinganishe alama, iandike ripoti. Usiku mwingine izime mbili. Hapo ghala linatakiwa ligome kupokea data, kwa sababu nakala moja iliyobaki haitoshi kwa usalama. Kugoma huko ndiko kufaulu.

Kuna mshkaji alinicheka, eti umeme wenyewe unakatika kila mara, klasta gani hiyo? Ndugu yangu, wenzetu kwenye maabara wanazima mashine kwa makusudi, sisi tunazimiwa bure! Kama programu imekujibu "nimehifadhi", umeme ukakatika na kurudi, faili lazima liwepo. Lisipokuwepo, tumepata kosa la kuripoti, na ripoti nzuri ya kosa ni mchango. Mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo kuchangia programu huria si ndoto za Wazungu peke yao.

Hoja ya upande wa pili naiheshimu. Kuna dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliniambia, "Kaka, mimi sina laptopu, hiyo klasta yako itanichapia asaimenti?" Haitamchapia, ni kweli. Ndiyo maana nimesema mbili zibaki, na ziwe na ratiba ya saa moja moja ili mtu asikalie kiti siku nzima akiangalia muvi. Lakini mtu huyo huyo mwaka wa tatu atakuwa na utafiti wake wote kwenye flashi moja, kama tulivyo wengi sasa. Kila mwaka mabwenini kuna anayelia kwa sababu flashi imekufa wiki ya kukusanya kazi. Klasta ikifaulu majaribio semista nzima, mwakani tunaweza kuifungulia watu wahifadhi nakala za tafiti zao. Kabla ya hapo hapana, kwanza tuivunje wenyewe mpaka tuiamini.

Kikao ni Ijumaa saa 10 jioni, chumba kile kile. Anayepinga aje na hesabu yake, mimi naja na yangu. Na wale wa elimu mnaosema kompyuta ni za watu wa sayansi ya kompyuta, mje pia. Naomba kuwasilisha.