Jaketi la jenerali lisilomtisha mtu

NENO LA WIKI
Na Rehema Kilindo

Dwight Eisenhower alipofariki Machi 1969 alikuwa ameshaongoza Marekani kwa mihula miwili, na mshonaji yeyote wa suti angeona fahari kumshonea vazi la mwisho. Hakuvalishwa suti. Alizikwa Abilene, Kansas, mji aliokulia, ndani ya jeneza la kawaida la jeshi lenye thamani ya dola 80, akiwa na jaketi fupi la sufu linalokomea kiunoni. Wamarekani waliliita jaketi la Ike, kwa jina lake la utani, na mpaka leo ndivyo linavyoitwa.

Vijana wetu ukiwatajia mtindo wa kijeshi, akili inakimbilia mabakamabaka, buti na sura iliyonuna. Jaketi la Ike halina hata baka moja, na bado limedumu katika mitindo kwa miaka themanini. Nadhani limedumu kwa sababu hiyohiyo.

Eisenhower alifika London mwaka 1942 akiwa jenerali wa jeshi la Marekani, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Koti rasmi la mwanajeshi wa Marekani wakati huo lilikuwa refu, likifunika makalio, lina mifuko minne na vifungo vya shaba vya kung'arishwa. Linapendeza kwenye gwaride. Lakini hebu panda nalo kwenye gari la jip, kaa kutwa nzima, halafu ushuke umsalimie mkubwa wako! Waingereza wenyeji wake walikuwa wameshaachana na adha hiyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 askari wao walivaa blauzi fupi ya sufu nzito, na vita ilipokaza walizidi kubana matumizi: toleo la mwaka 1942 liliacha vifungo vionekane nje, na marinda ya mifukoni yakaondolewa. Jenerali aliupenda ule ufupi, ila ile blauzi aliiona imekaa kama gunia. Akataka kitu cha namna hiyo kilichokatwa kwa unadhifu zaidi, na koti lake mwenyewe likaenda kwa fundi. Jeshi lilikuja kulipitisha jaketi lake rasmi la aina hiyo mwaka 1944, na askari waliokuwa Ulaya wakaanza kugawiwa kuelekea mwisho wa mwaka huo.

Ukilipata mkononi, usianze na mbele. Ligeuze. Mgongoni, nyuma ya kila bega, kuna rinda refu lililofichwa: ukinyoosha mkono linafunguka, ukishusha linajifunga, na jaketi linabaki limekaa mahali pake. Hapo ndipo ilipo akili ya vazi lenyewe. Kiunoni kuna mkanda wa kitambaa kilekile wenye bizimu ya kukaza. Mbele vifungo vimefichwa nyuma ya pindo ili visinase kwenye kamba wala kwenye mlango wa gari. Mifuko ni miwili tu, ya kifuani, yenye vifuniko. Kola unaweza kuiacha wazi ukavaa tai, au ukaifunga hadi shingoni kukiwa na baridi. Hakuna pambo lisilo na kazi, labda ile mikanda ya mabegani, na hata hiyo ina kazi ya kubeba vyeo.

Kinachonichekesha ni kwamba wakubwa wa ugavi walilikusudia liwe vazi la vitani. Walitaka askari alivae ndani, juu yake aweke jaketi jingine la pamba la kuzuia upepo, na ndiyo maana lilikatwa pana. Askari wakaliangalia, wakajiangalia, wakalipeleka kwa mafundi kulibana. Kijana wa miaka ishirini mwenye likizo ya siku mbili Paris hakuwa na mpango wa kulificha chini ya kitu chochote. Wanawake wa jeshi la Marekani nao walishonewa la kwao. Kwa hiyo tusiwasingizie wabunifu wa mitindo. Waliolitoa jaketi hili handakini na kulipeleka mjini ni wavaaji wenyewe, vita ikiwa bado haijaisha.

Halafu ikaja amani. Aliyeachishwa jeshi kwa heshima alishonewa juu ya mfuko wa kulia alama ya kitambaa yenye tai wa rangi ya dhahabu ndani ya duara. Askari walivyo na midomo, walisema yule si tai, ni bata aliyepasuka. Bata huyo alikuwa na maana kubwa: aliwaambia polisi wa jeshi kwamba mvaaji si mtoro bali ni raia anayerudi kwao, na alimruhusu kuvaa sare kwa siku 30 akijitafutia nguo nyingine. Miongo iliyofuata, mkato uleule ulionekana kwa polisi wa miji mbalimbali ya Marekani, kwa walinzi wa hifadhi, kwa vijana wa vituo vya mafuta. Kampuni ya nguo za kazi ya Dickies inauza jaketi inaloliita Eisenhower hadi leo, na wanaolinunua ni mafundi wa magari pamoja na vijana wa ubao wa magurudumu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kila vazi la jeshi mtaani ni kutukuza vita. Inategemea umechukua nini. Kwetu kabuti lilishatoka kambini zamani, na hakuna anayeshtuka kumwona mlinzi wa duka amejifunika nalo saa nane za usiku. Anachotafuta ni joto. Anayevaa mabakamabaka kwenye foleni ya daladala anatafuta kupishwa, na watu wetu wanampisha kweli, kwa woga. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba kusalimisha sare na nguo zinazofanana nazo, na wapo walioona kwamba wameonewa. Mimi sikuwaonea huruma sana. Vazi ambalo thamani yake yote ni kumfanya mwenzako adhani una bunduki, halina mkato wowote wa kujivunia.

Jaketi fupi la sufu ni jambo jingine. Majaketi ya namna hiyo huibuka kwenye marobota ya mitumba, na fundi wa mtaani mwenye jicho zuri anaweza kukushonea lako kwa kitambaa chepesi kinacholifaa joto la Dar. Mwambie asisahau marinda ya mgongoni, maana wengi huyaruka. Mwambie pia kiuno cha suruali kipande juu, la sivyo shati litachungulia kila ukiinua mkono kushika bomba la daladala. Na ukinunua la mtumba lenye nembo, vyeo au jina la mtu kifuani, vitoe vyote kwa wembe kabla hujalivaa. Havikuwa vyako, na sheria haitakuuliza ulilinunua kwa shilingi ngapi.