Mteja Hapimwi kwa Nguo

Liko neno baya lililozoeleka katika maduka ya mjini, nasi hatuwezi kulinyamazia. Mkulima atoka shamba, miguu ina vumbi, shati limechakaa, aingia dukani kununua mabati. Muuzaji amtazama toka kichwani hata miguuni, wala hamwamkii. Akiuliza bei, aambiwa, "Mzee, hayo ni ghali." Papo hapo aingia kijana mwenye suti, naye apewa kiti. Kumbe kijana amekuja kukopa, na mzee anayo fedha ya mahindi yake.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2013 Oprah Winfrey, Mmarekani mweusi mwenye utajiri mkubwa sana, alisema kwamba katika duka moja la Zürich, nchi ya Uswisi, muuzaji alikataa kumwonyesha mkoba aliouulizia, akimwambia ni wa bei kubwa mno. Mwenye duka alijibu kwamba walikosa kuelewana. Lakini shirika la utalii la Uswisi liliomba radhi.

Wahenga wasema, ukimwona simba amenyeshewa usimdhani paka. Ni kweli, lakini haitoshi. Kosa si kutomtambua tajiri. Kosa ni kumdharau mtu. Hata maskini ana haki ya kuuliza bei na kujibiwa kwa adabu.

Wako wauzaji wasemao, "Twajihadhari na wezi." Twawajibu: mwizi mwenye akili huvaa vizuri, maana ajua ya kuwa nguo zawapumbaza. Tena siku hizi fedha za wengi zimo katika simu. Mfuko uliotoboka hauwezi kuwaambia kitu.

Waraka wa Yakobo, mlango wa pili, wamkemea ampaye mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri, na kumsimamisha maskini. Basi na sisi tujitazame. Je, harusini kwetu mwenye viatu vinavyong'aa hawekwi mbele, na mwenye miguu mitupu nyuma? Muuzaji yule alijifunza wapi, kama si kwetu?

Ninyi mnaouza, mwamkieni kila aingiaye, mtajieni bei, mhudumieni kwa zamu yake. Nasi tunaonunua, tukiona jirani adharauliwa, tusinyamaze kwa kuwa sisi tumepewa kiti. Tusimame, tumpishe aketi.