Alama ya Nondo Jikoni

Jamaa zetu wakaao Nyeri, Karatina na Nanyuki hununua viazi mbatata karibu na mashamba ya Kieni na Timau. Nasi huku pwani hupokea viazi vya bara kwa magunia. Pamoja na gunia huweza kuingia mgeni mdogo wa kijivu, atuaye ukutani usiku. Wengi wetu humdhania nondo wa nguo, tukanyunyizia dawa kabatini, ilhali uharibifu unaendelea jikoni.

Inafaa tumtambue kwa mabawa yake. Nondo wa viazi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini kama viazi vyenyewe, hazidi sentimita 1 kwa urefu. Mabawa yake ya mbele ni membamba, ya kijivu na kahawia. Akiyakunja, jike huonyesha mgongoni alama nyeusi mfano wa herufi X. Dume ana nukta mbili au tatu nyeusi katika kila bawa. Nondo wa nguo hana alama: rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, naye huikimbia taa. Nondo wa unga bawa lake limegawanyika: nusu iliyo karibu na kichwa ni ya kijivu hafifu, nusu ya nchani ni nyekundu ya shaba.

Tusimshike kwa vidole, kwani alama hizo ni magamba madogo mfano wa vumbi, hufutika upesi. Tumfunike kwa gilasi, tupitishe karatasi chini yake, kisha tumpige picha kwa simu na kuikuza. Ikiwa alama zimekwisha kupukutika, shahidi ni kiazi: vijitundu vyenye uchafu mweusi kwenye macho yake ndiyo milango ya viwavi.

Hapo dawa ya kunyunyizia haifai. Kiwavi yumo ndani ya kiazi, na sumu itabaki katika chakula cha watoto. Tuvitenge viazi vilivyotobolewa na kuvizika chini sana; vizima tuviweke mahali pakavu, penye giza na hewa, tukivifunika kwa kitambaa chepesi. Joto la pwani humzalisha nondo huyu upesi kuliko baridi ya Nyeri. Kwa hiyo tununue vya kutosha wiki moja tu. Gunia nalo likungʼutwe na kuanikwa juani kabla ya kutiwa viazi vingine, kwani jike hutaga mayai hata humo.